Kona ya Ngapi

Walipofika kona ya pili umande ulikuwa umeshakauka kwenye majani. Tom, aliyeshika mbele ya machela, akapaza sauti kama mtu anayeita ng'ombe.

"Kona!"

"Kona!" akaitikia Mwalimu Wepukhulu kutoka nyuma.

"Nipo," akasema Beldina ndani ya blanketi.

Tom akauinua mti wa machela juu ya kichwa chake, mwalimu akashusha upande wake hadi kiunoni, wakazunguka polepole kama watu wanaopitisha kabati mlangoni. Machela ikageuka, mgonjwa asianguke. Nyuma yao alikuja Mzee Hiram Ndung'u, mwenye duka, akingoja zamu yake, na nyuma ya Hiram alikuja Selpha, binti wa mgonjwa, na kikapu cha nguo kichwani. Hatua thelathini mbele yao wote alitembea Dalmas, mume wa Selpha, na panga mkononi. Alikuwa anakata matawi yaliyoingia njiani. Hakugeuza shingo hata mara moja tangu watoke nyumbani.

Njia ya Got Kamolo haiteremki moja kwa moja, inakwenda kando. Unatembea hatua mia mbili uso wako umeelekea Kisumu, unageuka ghafla, unatembea hatua mia mbili uso umeelekea Sondu, unageuka tena. Mara tisa hivyo, mpaka ufike barabara ya murram, ile ya changarawe. Watu wa nchi nyingine wakisema kona wana maana ya mahali pa kugeukia, basi, ama duka la fulani liko pale kona. Pale mlimani kona ilikuwa kazi. Mti wa machela ni mrefu, na wa mbele akishageuka, wa nyuma bado yuko juu, miguu yake iko sawa na kichwa cha mwenzake, hamwoni. Kwa hiyo wa mbele huita, wa nyuma huitikia, na wa tatu kujibu ni mgonjwa mwenyewe. Akijibu, safari inaendelea. Asipojibu, machela inawekwa chini hapo hapo na uso wake unafunuliwa.

Sheria hiyo haikuandikwa na mtu. Ilikuwa imekaa midomoni. Mahubiri yakirefuka kanisani, kijana mmoja wa nyuma hunong'ona "Kona!" na mwenzake hujibu "Nipo" huku amefumba macho. Mtu akikuuliza hali ya shamba lako ungeweza kumwambia niko kona ya tano, naye akajua kwamba nusu ya kazi imebaki. Mke akiona mumewe amenyamaza mno mezani humwambia, "Wewe, kona!" ili ajue kama yu pamoja naye.

Ilikuwa Jumamosi, Aprili 1987. Beldina alikuja Alhamisi na wanawake watatu wa kwao, wamebeba unga na kuku, kumwona mjukuu mchanga, Elsie, mdogo wake Lornah. Wenzake walirudi jioni. Yeye tumbo lilimkata akiwa bado mlangoni, akashindwa kusimama. Sasa mama mkwe, ambaye watu wa huko humwita *maro*, halali nyumbani kwa mkwe wake. Hampi mkono. Hali mbele yake, wala hasemi naye ana kwa ana. Basi alipelekwa nyumba ya pili, kwa Mwalimu Wepukhulu, ambaye alikuwa mtu wa Bungoma na hakuhusika na mambo hayo, na mkewe Nasambu akamlaza kitandani mwao. Akalala huko siku mbili. Asubuhi ya Jumamosi tumbo lilikuwa gumu kama ngoma na alikuwa anatapika kitu cha kijani.

"Nitoeni hapa," alimwambia Selpha. "Nisije nikamfia mkwe kwenye ardhi ya ukoo wake."

Wanaume wengi wa mlimani walikuwa kwenye matanga upande wa Katito. Walipatikana watatu tu wa kubeba: Tom, ambaye ni mdogo wake Dalmas, mwalimu, na Mzee Hiram. Pikapu ya ndizi ya Ndung'u, binamu yake Hiram, ingepita kule chini saa sita, kwenda Ahero, na hospitali iko huko huko. Ikipita, hakuna gari jingine mpaka Jumatatu. Kila mmoja aliyetembea kwenye njia ile alijua kwamba mama huyu hafiki Jumatatu.

*

"Mzee Hiram," Tom alisema walipokuwa wanaelekea kona ya tatu, "huko kwenu Nyeri wagonjwa mnabeba na nini?"

"Kwetu kuna lori."

"Na milima?"

"Milima iko, mikubwa kuliko hiki kichuguu chenu. Lakini wagonjwa wetu wana adabu. Wanaugua wakiwa chini."

"Mzee!" Selpha akamkemea.

"Mwache aseme," ikasikika sauti ya Beldina kutoka kwenye blanketi. "Huyu mtu wa duka alinipunja sukari Alhamisi. Leo atabeba sukari yake mwenyewe."

Wakacheka wote, hata mwalimu aliyekuwa anahema. Dalmas alisikia kicheko hicho huko mbele na yeye akatabasamu, lakini peke yake, akitazama panga lake. Alikuwa fundi seremala wa miaka arobaini, mtu wa maneno machache. Mti ule wa machela alikuwa ameuranda yeye. Alimpenda mama mkwe wake kwa njia ile waliyoruhusiwa, yaani kwa mbali. Kila Krismasi alimpelekea kiti ama kinu, na kila mara ujumbe ulirudi kupitia kwa Selpha kwamba kimepokewa.

"Kona!"

"Kona!"

"Nipo. Huyu kijana ana kelele, Mungu wangu."

Kona ya nne udongo ulikuwa mwekundu na laini, maji ya mvua ya usiku yalikuwa yamepita hapo. Tom aliuinua mti, akageuka, na mguu wa kushoto ukateleza ukaingia chini ya mzizi. Hakuuachia mti. Alipiga goti nao, akalia kwa sauti ya chini kama mbwa aliyekanyagwa. Hiram akarukia mbele akaushika.

"Mguu umevunjika?" Selpha akauliza.

"Haujavunjika. Umekataa tu."

Walimwacha Tom ashike fimbo, aje nyuma akiruka na mguu mmoja. Hiram akaingia mbele. Alikuwa na miaka hamsini na minane na kifua chake kilikuwa kibovu tangu siku za kazi ya barabara. Aliita kona ya tano kwa pumzi iliyokatika vipande viwili, mwalimu akaitikia, Beldina akasema "Nipo," safari hii polepole, na mara walipomaliza kugeuka Hiram akasema, "Wekeni. Wekeni chini, tafadhali." Akakaa kwenye nyasi, akatapika chai yake.

Saa ya mwalimu ilionyesha saa tano na nusu.

"Nipumzike kidogo," Hiram akasema.

"Kidogo iko wapi, Mzee?" mwalimu akamwambia. "Kona nne zimebaki."

Kisha wote wakatazama chini ya njia, mahali Dalmas aliposimama amewapa mgongo, panga likining'inia.

"Hapana," Selpha akasema kabla mtu hajatamka neno.

"Mama Lornah, nani mwingine?"

"Nitabeba mimi."

"Umejifungua juzi," Hiram akasema. "Utamwaga mama yako na wewe mwenyewe."

"Miezi minne si juzi."

"Baba Lornah!" mwalimu akaita. "Njoo, bwana. Njoo hivyo hivyo, kinyumenyume ukitaka."

Dalmas hakuja. Alisema kwa sauti, akiwa ameziangalia nyasi, "Muulizeni mwenyewe."

Selpha akapiga magoti akaingiza kichwa ndani ya blanketi. Walisikia minong'ono. Alipotoka macho yalikuwa mekundu lakini anacheka kidogo.

"Amesema, mwambie baba Lornah, kama ng'ombe zake nilizikubali mgongo wake pia nitaukubali. Lakini ashike mbele, asinitazame. Na mnifunike."

Hapo Selpha alivua leso yake ya juu, akamfunika mama yake uso na kichwa chote, akazikunja pembe za leso chini ya mabega, imara, kama mtu anayefunga mzigo wa kusafiri mbali. Akalivuta blanketi juu yake. Hakikubaki kitu cha kuonekana ila umbo. Dalmas akarudi kinyumenyume, hatua baada ya hatua, mwalimu akimwelekeza kushoto, kulia, simama, mpaka mti ukaligusa bega lake. Akauinua. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja alijua uzito wa mama mkwe wake. Haukuwa mwingi.

*

Kona ya sita iliwakuta haraka.

"Kona," Dalmas akaita. Sauti ilimtoka ndogo. Aliona haya.

"Kona!" mwalimu akaitikia.

Blanketi halikusema neno. Mwalimu akasimama, mti begani.

"Mgonjwa hajajibu."

"Atajibuje?" Selpha akasema kutoka nyuma, naye alikuwa kama amekasirika kwa kuulizwa jambo la wazi. "Anamjibu mkwe wake? Mwalimu, wewe umekaa na sisi miaka sita, hujajifunza kitu?"

"Sheria ya njia..."

"Sheria ya njia ni ya watu wengine. Mama anajua heshima yake. Endeleeni."

Dalmas akageuka na machela. Ndani ya kifua chake kulikuwa na kitu kama fahari. Watu wangesimulia jambo hili kanisani, kwamba mama yule hata katika maumivu hakuvunja heshima, na mkwe wake hakugeuza shingo. Mwalimu alihisi mti ukitikisika kidogo, kama mtu anayejiweka sawa kitandani, akaushika vizuri zaidi.

Katikati ya kona ya sita na ya saba wakasikia honi. Bado mbali, upande wa Sondu, mara mbili, jinsi Ndung'u alivyozoea kuwaita wauza ndizi.

"Mungu wangu, imewahi!" Selpha akasema. Akakiweka kikapu chini, akainua nguo hadi magotini, akawapita kwa pembeni akaanza kukimbia njia ya chini. Hakupita mkato, kwa maana mlima ule hauna mkato, chini ya kila kona ni mawe matupu. Dalmas alimwona akipita kona ya saba, kisha akamsikia chini yake, miguu inapiga udongo, anapiga kelele, "Ndung'u! Ngoja! Ndung'u!"

Dalmas akaongeza mwendo. Mwalimu nyuma yake alikuwa anahema kama msumeno. Walipoikaribia kona ya saba, sauti ikasema:

"Dalmas."

Haikuwa kubwa. Ilisemwa mara moja tu.

"Nani ameniita?" akauliza.

"Mkeo, nadhani," mwalimu akajibu. "Yuko chini hapo."

"Selpha!" Dalmas akapaza sauti. "Umeniita?"

Chini miguu iliendelea kukimbia. Honi ikalia tena, karibu zaidi. Dalmas alisimama muda wa pumzi mbili, mti begani, macho mbele. Nyuma yake, hatua moja tu, palikuwa na blanketi. Kugeuka kulitaka nusu ya shingo.

"Kona," akasema.

"Kona!" mwalimu akaitikia.

Wakageuka. Wakapita ya nane, wakapita ya tisa. Dalmas aliita na mwalimu akaitikia, na kimya cha tatu walikichukua kama jibu.

*

Ndung'u alikuwa amesimamisha pikapu katikati ya barabara, injini inanguruma, mkono uko kwenye honi. Waliiweka machela chini kando ya gurudumu. Dalmas akaondoka papo hapo, akaenda kusimama mbele ya gari, mgongo kwao, akifuta jasho na mkono wa shati. Alijisikia mwepesi. Alisikia Selpha akisema, "Mama, tumefika, gari ni hili," na kufungua blanketi, na kisha hakusikia kitu.

Halafu Selpha alipiga ukelele ambao Ndung'u, miaka mingi baadaye, alisema ulimfanya azime injini bila kujua kwa nini.

Leso ilikuwa imeloa matapishi ya kijani. Nusu yake ilikuwa ndani ya kinywa cha Beldina. Alikuwa amelala chali, amefungwa, hakuwa na pa kugeuzia shingo. Mkono wa kulia ulikuwa umejitoa kwenye blanketi, umeshika kamba ya machela, na ngozi ya vidole ilikuwa imechubuka pale ulipojaribu kupanda kuufikia uso. Alikuwa na joto bado. Joto la mtu aliyelala.

"Mgeuze! Mgeuze ubavu!" Mwalimu Wepukhulu alikuwa anapiga kelele, naye ndiye aliyekuwa amepiga magoti karibu kabisa, mikono hewani, haigusi kitu. "Mgeuze!"

Selpha alimgeuza. Yakatoka maji kinywani, mengi, na baada ya maji hakukutoka kitu.

Dalmas alikuwa bado amesimama mbele ya gari. Mwili wake wote ulitaka kugeuka na shingo haikukubali. Aliuliza, akiutazama mlima wa mbele, "Kuna nini? Mama Lornah, kuna nini? Mniambie basi." Ikawa Ndung'u ndiye aliyeteremka, mtu asiyemjua vizuri, akamshika mabega akamgeuza kama unavyomgeuza mtoto.

Hiram na Tom walifika baada ya robo saa, mmoja amemkumbatia mwenzake. Hiram akatazama, akavua kofia. Akamvuta Dalmas kando.

"Sikiliza. Watakuuliza amekufa wapi. Wewe sema amekufa hapa, barabarani. Mimi nitasema. Mwalimu atasema. Hakuna mtu atapoteza kitu."

Dalmas akarudi mbele ya gari.

Kulikuwa na tatizo jingine, la kumfikisha kwao, na Ndung'u alilisema huku ameinamisha kichwa kwa aibu. Maiti ina karatasi yake, na polisi wa kizuizi cha barabarani watataka kuiona. Mgonjwa hana karatasi. Basi akae kama mgonjwa. Walimweka Beldina nyuma, katikati ya mikungu ya ndizi, kichwa kwenye mapaja ya Selpha, leso nyingine mabegani. Dalmas alikaa mbele na dereva.

Kizuizini askari kijana alichungulia nyuma.

"Huyu mama ana nini?"

"Tumbo, afande," Selpha akasema.

"Pole mama. Unasikiaje?"

Askari alingoja jibu. Alikuwa mtu mwenye adabu. Mbele, Dalmas alishika magoti yake kwa mikono yote miwili.

"Hasemi na watu asiowajua," Selpha akasema.

"Haya, mkimbizeni," askari akasema, akanyanyua kamba.

*

Boma la Beldina lilikuwa uwandani, Kano, kando ya mashamba ya mpunga. Mume wake alikuwa amekufa zamani, na mwenye boma sasa alikuwa mwanawe wa kwanza, Ochieng, karani wa chama cha ushirika. Kilio kilianza kabla gari halijasimama. Dalmas hakuingia. Alikaa langoni juu ya jiwe, na mwalimu kando yake, na watu waliingia na kutoka wakiwapita kama vile wao wawili ni sehemu ya ua.

Alituma ujumbe kwamba yeye ni fundi, na mbao za mvule anazo, kwamba jeneza atalitengeneza mwenyewe kwa usiku mmoja. Jibu lilirudi kupitia kwa mwanamke mmoja aliyekuwa anachota maji. Limeshanunuliwa Ahero. Mwanamke huyo hakusimama alipokuwa anasema.

Jioni, kabla jua halijatua, Ochieng alitoka na wazee wanne wa ukoo. Viti vilitolewa vya wazee. Selpha alikuja akasimama nyuma ya kaka yake.

"Shemeji," Ochieng akaanza, kwa Kiswahili, kwa ajili ya mwalimu. "Hatukulaumu kwa ugonjwa. Ugonjwa ni wa Mungu. Kuna swali moja tu. Mama alikufia kona ya ngapi?"

Lilikuwa swali la haki. Kuanzia juu hadi kona ya nane ni ardhi ya ukoo wa Dalmas. Chini ya hapo ni ya barabara, ya serikali. Mama mkwe akifia ardhi ya mkwe wake, kuna mambo ya kufanywa kabla hajazikwa, na mambo hayo hutaka ng'ombe, hutaka siku, na hutaka mkwe asimame mbele ya watu wote aulizwe. Na watu hawasahau. Watoto wa nyumba hiyo huonyeshwa kidole wakienda kuoa. Akifia barabarani, basi amekufa safarini, kama watu wengine.

Mwalimu Wepukhulu akakohoa. "Nadhani, wazee, ilikuwa pale chini kabisa. Tulipokuwa tunaiweka machela. Karibu na gari."

"Unadhani?"

"Nilikuwa nyuma."

"Na wewe, shemeji?"

Dalmas aliangalia mikono yake. Neno lilikuwa limeshatayarishwa. Hiram alikuwa amelipanga na mwalimu alikuwa amelisema. Kilichobaki kilikuwa kuitikia.

"Ya saba," akasema.

Mwalimu akageuka akamtazama.

"Ya sita nilipoita, hakujibu. Tulisema ni heshima. Karibu na ya saba aliniita."

"Alikuita?" Ochieng akauliza. "Alimwambia nani akuite?"

"Aliniita mwenyewe. Jina langu. Alisema Dalmas."

Mzee mmoja akatoa sauti kama mtu aliyechomwa na kaa la moto. Ochieng akacheka, kicheko kifupi cha mtu ambaye hajaelewa.

"Mama yangu? Jina lako? Shemeji, mama yangu hajalitaja jina lako hata humu ndani, sisi wenyewe tukiwa peke yetu. Alikuwa anasema yule wa mlimani."

"Najua."

"Mwalimu, ulisikia?"

Mwalimu Wepukhulu alifunika uso kwa viganja. "Nilisikia," akasema. "Nilidhani ni mkewe. Nilimwambia ni mkewe."

Hapo Selpha akatoka nyuma ya kaka yake. Alitembea mpaka mbele ya mumewe, akasimama. Watu walidhani atampiga. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, ile ya kuulizia chumvi.

"Ulisikia sauti, ukafanya nini?"

"Nilikuita. Nilikuuliza kama umeniita."

"Mimi nilikuwa nakimbilia gari."

"Hukujibu. Nikadhani..."

"Miaka kumi na moja, Baba Lornah. Nimewahi kukuita Dalmas?"

"Hapana."

"Hata nilipokuwa nazaa, nimewahi?"

"Hapana."

"Basi ulijua si mimi."

Dalmas alifungua kinywa. Wazee walingoja, na watu waliokuwa wanapita langoni wakasimama. Aliyekuwa anataka kumsaidia hakuona pa kumshika.

"Nilijua," akasema. "Nilijua ni yeye. Sikuamini kwamba anaweza kuniita. Nikasema nikigeuka nitamwaibisha."

Selpha akaangalia shingo yake, akaiangalia kama kitu kipya. "Nani alimfunga leso?" akasema, na hakuwa anamuuliza mtu. "Ni mimi nilimfunga. Nilikunja pembe nne." Akakaa chini pale pale kwenye vumbi la langoni, mbele ya wazee, miguu imenyooka, akaanza kuvuta nyuzi za nguo yake begani kama vile kila mmoja una fundo la kufungua.

*

Beldina alizikwa siku kumi baadaye. Fahali wa Dalmas alipokewa langoni, lakini Dalmas mwenyewe akaambiwa angoje nje. Alingoja siku nzima. Mambo ya ukoo yalifanywa kama yanavyotakiwa, na wazee walisema yamekwisha.

Mwalimu Wepukhulu aliomba uhamisho mwaka huo huo, akapelekwa shule moja karibu na Maseno. Nasambu alikichoma kile kitanda alicholazwa Beldina.

Tom alitembea tena baada ya mwezi. Alihamia Kisumu, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli Kondele, na yuko huko.

Mzee Hiram alifunga duka mwaka wa 1992, wakati watu wa kwao walipokuwa wanahama sehemu nyingi kwa kuogopa ghasia, ingawa mlimani hakuna aliyemgusa. Alikufa kwa kifua mwaka wa 1995. Ndung'u aliuza pikapu.

Watu wa Got Kamolo waliendelea kubeba wagonjwa kwa machela mpaka trekta la serikali lilipochimba barabara upande wa pili wa mlima, mwaka wa 1994. Katika miaka ile saba ya mwisho mgonjwa hakufunikwa uso, hata awe mama wa nani.

Selpha alikaa kwa kaka yake mwaka mmoja na miezi miwili, na Elsie mgongoni. Alirudi Juni 1988. Walizaa mtoto mwingine, wa kiume. Hakumwita tena mumewe Baba Lornah, anamwita Dalmas, mbele ya watoto na mbele ya wageni, na hakuna aliyemkanya.

Dalmas bado ni seremala. Hatengenezi majeneza.

Lornah, mtoto wao wa kwanza, aliolewa Desemba 1997 na mvuvi wa Luanda Kotieno. Ana mtoto mmoja. Mkwe amemwalika Selpha mara tatu aje kumwona mjukuu, na mara zote tatu Selpha ametuma unga na kuku kwa mkono wa mtu mwingine.